Mstari Alioandika Shalvin

Lautoka,
12 Agosti

Kwako Dada Praneeta,

Shikamoo nyingi. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Labasa, wewe na shemeji, na kwamba goti limepoa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, ila bado anaandaa sahani ya tatu, na mimi sina ujasiri wa kuiondoa.

Uliniagiza kabla mwaka wa msiba haujatimia niyaweke mtandaoni maandishi ya marehemu kaka yetu Shalvin, yale ya mambo ya programu, ili vijana aliowafundisha wayasome. Kazi ni ndogo, lakini kuchagua programu ya kuyabeba kumenila wiki tano. Moja niliijaribu nikaiacha. Nzito, ina masharti kama mkwe. Nyingine ndiyo ile tuliyoizoea mimi naye ofisini, yaliko maandishi hayo mpaka sasa: unafungua ukurasa, unaandika, basi, nayo hutunza kila badiliko, nani kagusa na saa ngapi. Ya tatu ni nyepesi zaidi na haikumbuki chochote. Nikasema naichukua hiyo. Mereoni, mwenzetu wa kazini, alinicheka, akaniuliza nahamaje nyumba isiyovuja, ama nimegombana na mwenye nyumba? Nikamjibu kwamba natafuta urahisi tu.

Dada, kila ninapohamisha ukurasa nasikia kiti cha Shalvin kikilia nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Juzi nilimwomba Mereoni akitoe kiti hicho ofisini. Akakitoa, na mlio ukabaki. Naogopa, sikufichi.

Unamjua alivyokuwa, kila kitu alikichanganya. Katikati ya maelezo ya kutafuta kosa kwenye programu utakuta ameandika anunue bilinganya, au Mama anataka dawa ya mbu. Mimi na usafi wangu nilikuwa nikiyafuta mambo hayo kila Ijumaa, naye akinitania kwamba nitakuja kumfuta na yeye.

Mwaka mzima umeniuliza kama hakudokeza lolote kuhusu kifua chake, nami nimekujibu kwamba hakusema neno. Ni kweli hakusema. Aliandika. Ijumaa ile, chini ya maelezo ya kunakili mafaili, aliandika hivi: “Kifua kinabana tangu juzi. Jumatatu nikamwone daktari. Ronil anikumbushe.” Niliusoma mstari huo, dada. Nikacheka, nikasema huyu naye, nikaufuta. Nilijiambia nitakumbuka. Jumatatu ikapita nimesahau, na Jumatano akaanguka pale pale mezani kwake.

Programu yetu ya zamani inalo jambo hilo mpaka leo: Ronil amefuta mstari mmoja, saa kumi na dakika tano jioni. Ndiyo nyumba niliyokuwa naikimbia. Sikutaka urahisi wowote, nilitaka pasiwe na kumbukumbu.

Jana nilighairi. Maandishi yatabaki humo humo, na kila badiliko lake. Nimeurudisha mstari wake palepale alipouandika, na chini ya lile badiliko la kufuta pameandikwa sasa kwamba Ronil ameongeza mstari mmoja, mwaka mmoja baadaye. Sijawafungulia watu wengine. Anwani ya ukurasa huo nimeiandika kwenye kikaratasi nilichokikunja ndani ya barua hii, usome wewe kwanza, halafu uniambie nimwelezeje Mama.

Msalimie shemeji na watoto. Mereoni anakusalimu. Ukichelewa kunijibu nitaelewa.

Ndimi mdogo wako,
Ronil