Mshono wa Pili

Mpendwa Wanjiru,

Hujambo huko Mombasa, na kile kifua kimepona? Sisi hapa Gatongora tuko salama kwa neema ya Mungu. Mama yako anakusalimu, na ng'ombe wa guka, babu yako, amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama ufunge malalamiko ya wateja wanaokupigia simu kabla hujawasaidia, kwa vile kompyuta ya kazini inawasifu wenye haraka. Wacha nikwambie yangu. Nilipokuwa nikishona sweta za shule katika kiwanda kimoja Thika, walileta mashine za kuhesabu kazi ya kila mtu. Aliyeshona nyingi alipewa sukari. Sote tukaanza kuruka mshono wa pili wa kwapani, maana hauonekani.

Siku moja mama yako Njeri, akiwa darasa la pili, alirudi nyumbani mkono wa sweta unaning'inia. Nikaigeuza ndani nje. Mimi hufunga uzi kwa mafundo matatu, na hapo yalikuwa matatu: niliishona mimi mwenyewe.

Kesho yake nikarudia kushona mara mbili. Msimamizi akapaza sauti, "Mama Njeri, mashine inasema uko nyuma!"

"Mashine haina mtoto shuleni," nikamjibu.

Wenzangu wakacheka. "Ngai! Basi kunywa chai bila sukari."

Nilikunywa, na nikaizoea.

Wanjiru, anayekupigia simu ni mtoto wa mtu. Msaidie kwanza, ndipo ufunge. Wakikufukuza, chumba chako hapa kipo. Nijibu upesi, uniambie umeamua nini.

Bibi yako, Cucu