Maiki Yako kwenye Rekoda Ndogo

Baba,

Usiucheke mwandiko wangu.

Leo nimeunganisha maiki yako kubwa na ile rekoda ndogo. Najua ulinikataza. "Utaiunguza," ulikuwa ukisema. Lakini rekoda kubwa iliingia maji ya chumvi nikitoka Bwejuu kwa mashua, wiki mbili baada ya kukuzika, na haijawaka tena. Nilikuja kaburini nikashindwa kukuambia.

Aliyeniomba ni Bi Mwanaidi wa Kirongwe, yule uliyemrekodi akisimulia habari za mji wa Ras Kisimani uliomezwa na bahari. Ana uvimbe kooni. Anakwenda kupasuliwa Dar, na daktari amemwambia wazi kwamba sauti huenda isirudi. "Baba yako alichukua hadithi zangu za wafu," aliniambia. "Sasa nichukue nikisema na wajukuu zangu." Sauti yenyewe imebaki mkwaruzo. Nilipojaribu rekoda peke yake, ilinasa upepo wa minazi kuliko sauti yake.

Maiki yako, unajua, inataka umeme wake, kutoka kile kiboksi cha betri. Tundu moja la kiboksi linapeleka umeme mkali kwenye maiki, jingine linatoa sauti kwenda kwenye rekoda. Ukiyachanganya, rekoda inaungua. Na humo mna zile dakika nne ulizojirekodi wodini. Miezi mitano, Baba, sijazinakili. Kila nikiigusa narudi nyuma. Na leo shule ninakofundisha imefungwa, kompyuta yangu imefungiwa humo.

Nilisoma maandishi ya kiboksi mara tatu. Nikachomeka. Nikashusha sauti ya kuingia hadi chini kabisa, ulivyonifundisha, kwa sababu maiki ile ina nguvu mno kwa rekoda ndogo. Nikawasha.

Kioo cha rekoda kikazimika.

Nilipiga magoti mkekani nikakuita, mtu mzima mimi. Bi Mwanaidi akanishika bega. "Pumua kwanza, mwanangu. Huenda kimezimia tu."

Nikabadilisha betri za rekoda. Ikawaka. Ulikuwepo. Sikuweza kujizuia, nikabonyeza. Ukakohoa, ukasema, "Neema, umekula?"

Nililia mpaka yule mama akaninyamazisha kwa ukali, ati nampotezea sauti.

Kisha akaanza. Aliwaita wajukuu wote kwa majina, mmoja mmoja, akawakaripia. Zuhura kwa uvivu, Juma kwa kupita wakubwa bila shikamoo. Kila jina akalimalizia na dua. Sauti ilipokatika, akanipungia mkono nizime.

Rekoda nimeiacha kwa mwalimu mwenzangu. Jumatatu atanakili sauti zenu, yako na ya Bi Mwanaidi.

Alfajiri navuka naye kwenda Dar. Naogopa, Baba. Naogopa ile harufu ya wodi, naogopa mlango watakaomwingizia. Wewe nilikuacha mlangoni. Nilikuambia nafuata maji ya kunywa, na haikuwa kweli. Nilishindwa kuingia, na niliporudi ulikuwa umeshafariki.

Nisamehe. Pumzika, baba yangu. Nakuahidi, Bi Mwanaidi akifumbua macho atanikuta kando ya kitanda.

Mwanao,
Neema