Firigisi ya Jogoo Mwekundu

Majimoto, Mpimbwe,
Posta ya Mpanda.
14 Septemba 1956

Mdogo wangu mpendwa Venansi,

Hujambo huko Tanga? Kifua chako kimepona? Huku sote tu wazima na mpunga tumeshaingiza ghalani, namshukuru Mungu. Nimekusalimu kwanza usije ukasema dada yako hana adabu. Mkono ni wa katekista Apolinari, maneno ni yangu. Alitaka kuandika kwamba nimesikitika. Nimemwambia aandike nimekasirika.

Jumapili walikuja watu wa posa ya binti yako Marsela. Nilikuandikia mara mbili tangu Pasaka uombe ruhusa uje. Ukajibu kazi ya mkonge ni nyingi, ukaleta kanga. Nani alikuomba kanga?

Walikuwa wanne pamoja na mzee Melkior, baba wa kijana. Nilichinja jogoo mwekundu, Marsela akapika wali, na juu ya nyama nikaweka firigisi. Unajua desturi yetu. Baba wa binti akiila mbele ya wakwe, maneno yamekubaliwa. Asipoila, hakuna posa. Na mwanamume wa ukoo wetu umebaki wewe tu. Shemeji yako Baltazari hakuthubutu hata kuitazama.

Watu wakala. Melkior akaisogeza kando, kijana wake akaisogeza, mjomba wao akairuka akachukua bawa. Wali ukaisha, firigisi ikabaki peke yake katikati ya sinia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Melkior akauliza taratibu, "Mama, mwenye nyama hii yuko wapi?"

Nikasema yuko Tanga.

"Basi tutarudi siku akiwepo," akasema, na wenzake wakaanza kutafuta fimbo zao.

Marsela alikuwa amesimama mlangoni na maji ya kunawa, machozi yanamtoka mbele za watu. Miaka sita, Venansi! Tangu mama yake afariki hujakanyaga hapa. Alipougua surua nani alikesha naye? Huoni haya?

Mimi ni mwanamke, firigisi sijawahi kuionja. Marehemu mama alikuwa akitupiga vidole tukiigusa. Nikaichukua, nikaila mbele yao wote. Ilikuwa ngumu, nikatafuna wee. Nilipomeza nikawaambia, "Baba yake amekula. Kaeni."

Melkior alinitazama sana. Kisha akaketi, na wenzake wakaketi. Arusi ni Jumamosi baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote.

Majirani wanasema nimevunja mwiko. Waseme mpaka wachoke. Marsela amecheka leo, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Baltazari anakusalimu, na shangazi Theopista anakuombea kila Misa. Mungu akulinde na mashine za huko. Ukija arusini tutakupokea vizuri. Utakaa na wageni, na tutakupa paja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Kasilda,
baba wa Marsela.