Nyumba Imeondoka, Kanisa Limebaki

Baba yangu,

Nyumba yetu ilivunjwa Jumanne. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, maana huku Kariakoo habari hubadilika kabla hazijavuka barabara, na sitaki zikufikie zikiwa zimeongezwa chumvi. Ni ile nyumba ya mtunza kanisa, vyumba viwili na kibaraza, uliyopewa ulipoanza kazi ya kufagia kanisa, kugonga kengele na kuziba nyufa. Mimi na kaka Dunstan tulizaliwa humo. Mama alifia humo. Sasa pamebaki uwanja wa vumbi na matofali machache ambayo mafundi hawajayabeba.

Shikamoo, Baba. Nimetanguliza habari kabla ya salamu. Ungenigombeza.

Kabla hujaumia moyo, jua kwamba kanisa limebaki. Na nyumba niliitoa mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya kamati. Ngoja nikusimulie, maana uliondoka mambo yakiwa bado yananing'inia, na mengine niliyaning'iniza mimi.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Watu walikuwa wamelizidi kanisa. Ibada tatu kila Jumapili na bado wengine wanakaa nje chini ya maturubai, wanamsikiliza Padri kwenye spika huku muziki wa maduka ya simu ukimfunika. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Shayo wa duka la jumla la vyombo, akaleta mchoro wa ghorofa: kanisa juu, fremu za maduka chini. Ili lipate nafasi, la zamani livunjwe. Mimi nikiwa katibu wa kamati niliunga mkono. Sikuona kosa. Kuta zetu zilikuwa zinatoka jasho mpaka magotini, plasta inabanduka na kuangukia watu mabegani. Niliona aibu kuwaleta wageni mle ndani.

Nikaja kukuambia wakati tunakula, wanangu wapo mezani. Ukaweka kijiko chini, ukasema, "Perpetua, lile kanisa haliumwi. Limevalishwa nguo isiyolifaa."

Nami nikakujibu, mbele ya wajukuu zako, "Baba, lile si kanisa tena. Ni kifusi kinachosubiri siku yake."

Hukunigombeza. Heri ungenigombeza. Ulinawa mikono, ukaifuta mmoja mmoja polepole, ukatoka. Kuanzia siku ile tukabaki na salamu tu. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Basi. Miezi miwili, Baba, mimi na wewe, tuliokuwa tunaongea mpaka uji unapoa.

Kisha ukaangukia sakristia, ukiwa unakunja vitambaa vya altare. Nilipopigiwa simu nilikuwa kwenye meza yangu sokoni Mchikichini, namwonyesha mteja mapazia. Nilifika hospitali pazia lake bado likiwa begani mwangu, na wewe umeshaondoka. Lile pazia sikumrudishia. Sijui alidhani nini.

Siku ya maziko nilikaa benchi la mbele. Sikuweza kulitazama jeneza, kwa hiyo nikatazama juu, na ndipo nilipoliona kanisa kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto. Niliziona kenchi za paa, za mvule, nyeusi kwa umri, zimeshikana mikono kutoka mlangoni mpaka altareni, bila dari ya kuzificha. Juu yake vigae vyekundu, na pale kimoja kilipopasuka mwanga ulikuwa unapenya kama sindano. Nikayaona madirisha, membamba, marefu, yamechongoka juu. Ulikuwa unatuambia waliyafanya membamba ili jua lizuiwe na upepo wa baharini upite, enzi hizo ambapo hapakuwa na ghorofa hata moja la kuukinga. Kuta zenyewe upana wa mkono wangu mzima, kuanzia begani hadi vidoleni.

Wakati wanaimba nilikuwa nakusikia wewe. Ulivyokuwa unatusimulia Jumamosi tukikusaidia kupangusa mabenchi: kwamba mawe yalichimbwa kwenye matumbawe ya ufukweni, na akina mama wa kanisa waliyabeba vichwani baada ya kazi zao, jiwe moja kila mmoja, na aliyekuwa mjamzito alibeba mchanga. Kwamba mafundi walitoka kusini, kwetu Masasi, na wengine walikuwa watu wa pwani waliojua kuchoma chokaa kwenye tanuri la magogo. Kwamba wamisionari walileta mchoro, lakini fundi mkuu hakujua kuusoma, akapima kwa kamba na miguu yake, na kanisa likatoka sawa. Isipokuwa lile dirisha la tatu upande wa kusini, ambalo tao lake limelala kidogo. Fundi wake aliugua akiwa katikati, mdogo wake akalimalizia. Walipotaka kulibomoa walirudie, waumini wakakataa. Ulikuwa ukifika hapo unatabasamu, unasema, "Yule mdogo mtu alifanya kazi huku analia. Utamnyooshaje?"

Nililia hapo, Baba. Watu wakadhani ni kwa sababu ya wimbo.

Wiki mbili baadaye Mzee Shayo akaitisha kikao cha kupiga kura. Nikafungua buku la mihtasari ili niandae ajenda, nikarudi nyuma, nyuma, nikafika kikao kile cha kupiga plasta ya saruji kuta zote za chini. Nilikuwa katibu hata wakati ule. Wewe ulisimama, ukaongea muda mrefu, kofia mkononi. Ulisema ukuta wa chokaa unahema, maji ya ardhini yanapanda ndani yake na kutoka nje yenyewe, na ukiufunga kwa saruji maji yatakosa pa kutokea, yatapanda mpaka yapate. Ulisema fundi aliyekufundisha alikuapisha usiruhusu. Ulisema uko tayari kuichoma chokaa wewe mwenyewe. Watu walikuwa wanatazama saa. Nami katika buku, kwa mwandiko wangu mzuri ule uliokuwa unausifia kwa kila mgeni, nimeandika: "Mtunza kanisa alitoa maoni." Mstari mmoja, Baba. Nikaendelea na ajenda ya viti.

Nilikaa na lile buku mapajani hadi wateja wakaanza kuuliza kama naumwa.

Nikaenda kwa Fundi Jivan, rafiki yako wa Upanga, yule seremala ambaye mlirekebisha naye paa mwaka ule wa mvua kubwa. Siku hizi anatembelea fimbo, na karakana anaiendesha mwanawe. Nikamwambia shida yangu. Akasema, "Baba yako alikuwa ananikuta hapa kila mwezi, ananiambia habari ileile. Binti yake kakataa kumsikia." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeniambia saa. Kisha akamwita mpwa wake kwa simu, ambaye amesoma na injinia mmoja anayeshughulika na majengo ya zamani. Dada mmoja wa Kitanga, Injinia Mwanaidi. Alikuja Alhamisi, kavaa buti na hijabu ya kijivu, akaingia kanisani, akazipapasa kuta kwa kiganja mpaka akamaliza zote. Baadaye akabandua plasta ya saruji kipande kama sahani, karibu na birika la ubatizo, akaingiza kidole.

"Mawe yako salama kabisa," akasema. "Ni hii saruji. Nani aliwashauri kuiweka?"

Nikamwambia kulikuwa na mzee mmoja aliyetushauri tusiiweke.

"Mngemsikiliza," akasema, akaendelea kupima. Hakujua anaongea na nani. Sikumwambia.

Fundi Jivan naye alisisitiza kupanda kuzikagua kenchi. Mwanawe akakataa, wakagombana Kigujarati pale madhabahuni mpaka Padri akachungulia. Mwisho alipanda kijana, mzee akabaki chini anaelekeza kwa fimbo. Mbili zimeliwa na mchwa kwenye vichwa. Zilizobaki zinatushinda sote umri na nguvu.

Siku ya kikao nilimpa mtu mwingine kalamu. Nikasema leo sitaandika, leo nina neno. Nikasogeza kiti, nikasimama. Nikawaeleza yote uliyosema siku ile, moja baada ya jingine, na aliyekuwa anaandika nikamwomba asifupishe. Injinia Mwanaidi akaeleza kwa lugha ya kitaalamu, na yalikuwa maneno yako, yamevaa suti tu.

Mzee Shayo si mtu mbaya, Baba. Najua ulikuwa unamwona hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Sawa. Kuta ni nzima. Mama mzee anayekaa juani kila Jumapili nimwambie nini? Kwamba kuta ni nzima?"

Alikuwa na haki. Nami nilijua kwamba nikikaa chini kura itapigwa na kanisa litakwenda. Kiwanja chetu unakijua. Mbele barabara, kushoto shule ya chekechea, kulia ukuta wa jirani. Nyuma ni nyumba yetu.

Nikasema, "Pale kwa Baba."

Hawakuelewa. Nikarudia. Nikasema nyumba ya mtunza kanisa ivunjwe, pajengwe ukumbi wa ghorofa mbili, wenye feni na kivuli, uliofunguka kuelekea kanisani ili watu waione altare na wamsikie Padri. Fremu zao wazijenge chini kama wanataka. Mzee Shayo akarudisha miwani usoni. "Unajua unachosema, mama?" Nikamwambia najua, nimezaliwa mle.

Mikono ikainuliwa. Wawili tu walikataa.

Kaka Dunstan alipiga simu kutoka Dodoma jioni ileile, hata salamu hakutoa. "Umetoa nyumba ya Mama bila kuniuliza?" Nikamwambia haikuwa yetu, ilikuwa ya kanisa. Akasema, "Usinifundishe. Unajua ninachomaanisha." Nilijua. Hatukuongea miezi mingi. Jumamosi kabla nyumba haijavunjwa alikuja na familia, akaingia nyumbani mara ya mwisho, akang'oa fremu ya mlango wa chumba chenu, ile aliyokuwa anatupimia Mama urefu kwa misumari. Akaifunga juu ya gari, akaenda nayo. Wakati wa kuondoka alinishika kichwa kama ulivyokuwa unafanya wewe. Nadhani tumepatana.

Chokaa uliyoichoma na kuiloweka mwenyewe kwenye shimo la nyuma ya jiko ilikuwa bado laini chini ya magunia. Injinia aliposhika alisema ya namna hii hainunuliki dukani. Mafundi wakabandua saruji yote, wakaziacha kuta uchi msimu mzima wa jua zikauke, waumini wakalalamika kwamba kanisa linaonekana kama limepigwa bomu. Halafu wakapaka ya kwako, tabaka jembamba juu ya tabaka. Mvua za vuli zimekuja na kupita. Hakuna jasho, Baba. Hata tone.

Jumanne sikufungua meza yangu, nikasimama kwenye lango la chekechea nikiangalia greda. Nilidhani ningelia. Lakini watoto walikuwa wamejipanga kwenye dirisha lao wanashangilia kila ukuta unapoanguka, na nikajikuta nacheka nao. Lilipoanguka jiko la Mama ndipo nikageuka.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Nimekuandikia yote haya kama mtu anayetoa taarifa, nikitumaini mwisho wake utanitetea. Haunitetei. Hata kama Injinia angesema kuta zimeoza na kanisa lazima livunjwe, bado nisingekuwa na haki ya kukujibu vile. Uliishi na lile jengo kila asubuhi ya maisha yako. Ulikuwa unalijua kama mtu anavyojua mwili wa mtoto wake. Nilikuwa na elimu uliyonilipia kwa kufagia sakafu yake, nikaitumia kukunyamazisha. Kisha nikakaa miezi miwili nikisubiri wewe ndiye uanze. Nisamehe, Baba. Nilipaswa kuyasema haya ukiwa unakula.

Sina uwezo wa kukuahidi kwamba kanisa litadumu. Mji huu unavunja na kujenga kila kukicha, na kamati nyingine itakuja na mchoro mwingine mzuri kuliko huu. Lakini Padri amenipa kazi yako. Asubuhi kabla ya kwenda Mchikichini nafungua, nafagia, nagonga kengele. Mkono wangu bado mzito, majirani wanasema nagonga kama nimegombana na mtu. Ninajifunza kuchoma chokaa kwa Mwanaidi. Na hili naliahidi: nikiwa hai, yeyote atakayekuja na nyundo atanikuta mlangoni, na safari hii nitakuwa nimesimama upande wako.

Pumzika, Baba. Msalimie Mama, mwambie jiko lake lilikuwa la mwisho kuanguka.

Binti yako,
Perpetua