Ulipopanda Nyuma ya Baiskeli Yangu

Mpendwa Baba Zawadi,

Mume wangu, leo nimecheka peke yangu jikoni hadi binti yetu akauliza nina nini. Nilikukumbuka juu ya keria, miguu yako mirefu inaning'inia, nami mbele napiga pedali.

Tulianza kwa shida, si kwa mzaha. Shamba la mkonge lilikuwa limekupunguza kazini, na kwa kuwa mitumba ilikuwa imeanza kuruhusiwa, tukaanza kuiuza sokoni Kilosa. Kisha goti lako likavimba. Kutoka kwetu Chanzuru hadi mjini usingeweza kutembea wala kuendesha baiskeli. Nikasema, "Panda nyuma, nikupeleke." Ukanitazama kama uliyesikia vibaya, halafu ukapanda.

Mume kupakiwa na mkewe! Wanawake bombani walishusha ndoo. Wazee wa kahawa waliacha bao. "Mwanamume kapakiwa kama gunia!" mmoja akapaza sauti. Mimi niliona aibu hadi usukani ukayumba. Wewe ukawapungia mkono: "Shikamooni, wazee wangu! Gunia gani linapakiwa na mke mzuri namna hii?"

Goti lilipopona nilikurudishia usukani, ukakataa. "Nikiendesha naona barabara tu. Nikikaa nyuma naona watu." Ikawa ndiyo starehe yetu. Tukila chakula cha jioni ulikuwa ukiigiza nyuso zao: yule aliyegeuza shingo akaingia mtaroni na baiskeli yake, yule fundi cherehani aliyeshona mkono wa shati ukazibika. Aibu ikaniisha. Nikawa napiga kengele kabla hatujafika, wasije wakatukosa.

Lakini maneno yakafika Lumuma kwa mama yako: mwanao kalishwa limbwata, mke kamfanya zezeta. Akaja na kifurushi chake, hata maji hakunywa. "Nimekuja kumchukua mwanangu akatibiwe," alisema bila kunitazama. Niliogopa kweli. Ukimkatalia, lawama zangu. Ukimkubali, nabaki peke yangu na mtoto.

Hukubishana naye. Ulimpashia maji ya kuoga, ukambembeleza Zawadi, ukanitania mbele yake kama kawaida. Alikaa nasi siku kadhaa akitutazama. Asubuhi ya kuondoka ulimuuliza, kwa sauti ya chini, kama na wewe ufunge mzigo.

"Mzigo wa kwenda wapi? Wewe una mke." Kisha akanigeukia. "Nipakie, mkwe. Huyu atatembea."

Tukaingia mjini hivyo: mama mkwe amekaa upande kwenye keria, kanishika kiuno, nawe nyuma unakimbia na kifurushi kichwani. Wazee wa kahawa waliacha bao tena. Mama yako ndiye aliyewaanza: "Mbona kimya? Hamjambo huko chini?" Nilicheka hadi nikashindwa kukanyaga pedali.

Stendi, kabla hajapanda basi, alinivuta karibu akaninong'oneza, "Kama ni limbwata kweli, mwanangu, usipunguze."

Hilo sikukuambia ukiwa hai. Majivuno yako yalikuwa yanatosha. Nakuambia sasa kwa sababu kuna siku nyumba inakuwa kubwa mno bila wewe, na siku hizo maneno yake hunituliza. Hakuna kitu nilichokulisha, Baba Zawadi. Nilikupenda tu, mchana, watu wakiangalia.

Lala salama, mume wangu. Tulifurahi sana.

Mkeo,
Mama Zawadi