Mabukuru Wote wa Nyakitonto

Kasulu, Jumanne

Wilaya nzima hii hakuna mtu wa kunigusa kwenye Eksel, na kidato cha pili sikumaliza. Halafu leo dada Zawadi, bosi wetu hapa ushirika, ananiletea programu mpya ya kusafisha data. Eti, "Mdogo wangu, Eksel waachie wazee." Wazee! Majina ya wakulima wanaogawiwa mbegu nimeyanyoosha mimi, kwa macho yangu haya.

Nimekasirika mpaka ugali umenishinda.

Programu ikaniuliza: haya yanajirudia jina na kijiji, niyaunganishe? Nikabonyeza ndiyo kwa yote, dada aone naiendesha kwa kidole kimoja. Mchana huohuo orodha ikaenda kwa wagawaji wa mbegu.

Jioni kaja mzee Bukuru wa Nyakitonto na gunia tupu. "We kijana wa kompyuta, mbegu zimekwisha gawiwa. Wagawaji wananiambia kwenye orodha Bukuru ni mmoja tu, na keshachukua."

Huku kwetu kila pacha wa kwanza kuzaliwa huitwa Bukuru, hata kijiji kiwe nao kumi. Limashine halijui hilo! Nimelitukana mpaka koo limekauka.

Mvua imeshanyesha, wenzake wanapanda, yeye hana mbegu. Na mimi, ambaye pacha wangu mwenyewe ni Bukuru, nilibonyeza bila kusoma.