Meneja Anataka Mchuzi wa Jogoo Wetu

Mpendwa mshauri Veneranda,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo dada yangu, na baridi ya huko Iringa mnaionaje? Sisi Uyole wazima, tunacheka mpaka mbavu zinauma, ila nina shida, naomba unishike mkono.

Kiwandani kwetu tunashona sare za shule, nikapewa kazi ya kuhimiza watu wabane umeme, nikabandika matangazo, nikaimba hata pambio, wakazima taa wiki moja halafu wakanichoka, pasi zinawaka hakuna nguo, ndipo nikakumbuka mnada wa kanisani, jinsi jogoo mmoja anavyowaamsha hata waliosinzia kwenye mahubiri, nikaleta jogoo wangu mwekundu nikasema kila idara ina mita yake, itakayotumia umeme kidogo kila wiki jogoo atakaa kwao, na mwisho wa shindano washindi watamla.

Dada, watu wamepagawa! Aroni wa pasi akisahau swichi, wenzake wanapaza sauti, "Wewe Aroni, unataka Mheshimiwa akalale kwa mafundi cherehani?" Ndilo jina la jogoo, Mheshimiwa, na sweta kashonewa. Akiwika kwenye kikao tunaitikia amina.

Sasa Meneja Liberatus, hita inawaka chini ya meza yake, katangaza Jumamosi ni sherehe, jogoo achinjwe, ahadi ni ahadi. Matilda wa kukata vitambaa kaapa siku hiyo atawasha kila kitu mpaka feni, na baridi hii! Akifa jogoo kazi yangu imekufa naye, nisipomchinja nimesema uongo mbele za Mungu. Nijibu upesi dada, Jumamosi haiko mbali. Ndaga fijo, asante sana.

Mama Tusajigwe, Uyole, Mbeya

*

Mama Tusajigwe, mimi mzima, ila umenimwagisha chai.

Pole, na hongera. Lakini wewe nawe! Unamvalishaje mtu sweta halafu unamwahidi sufuria? Watu hawakuchoka kuzima taa, walichoka kuhubiriwa. Umewapa wa kumgombania, wameamka wenyewe.

Ahadi uliwapa washindi. Meneja ameshinda lini? Ijumaa waite washindi mbele ya wote, uwaulize kama wanamla au wanamsamehe. Wakimsamehe, huna dhambi. Kisha mtafutieni Mheshimiwa tetea, vifaranga viende kwa idara zilizobaki nyuma, nao wapate cha kupigania. Na mafundi, hata wakitaka kushinda, jioni wawashe taa, wasije wakashona vidole.

Ofisi ya Liberatus nayo iingie shindanoni, na mita yake isomwe mbele ya wote. Akitaka mchuzi, kwanza azime hita.

Jumatatu niandikie mapema uniambie kama Mheshimiwa amewika.